Fundi Mbao Anajibu: Muulize Kwanza Kuhusu Mguu wa Ukuta

*Shikamoo fundi. Naishi Tukuyu, nina watoto wanne na nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili. Mabinti wamekua, nataka kuwaongezea chumba nyuma ya nyumba, futi 12 kwa 10. Tofali na saruji zimenishinda bei, kaka yangu akanishauri nijenge kwa mbao. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anasema atachimba mashimo, asimike nguzo ardhini, kisha apigilie mabanzi. Wa pili anasema ataunda ukuta mzima ukiwa umelala chini, halafu wataunyanyua. Huyu wa pili bei yake iko juu. Nimfuate yupi? Huku kwetu mvua hazikatiki, na mchwa nao wapo.*
Mama wa wanne, Tukuyu

Marahaba mama. Mfuate wa pili. Lakini kabla hujampa kianzio, muulize swali moja tu: "Mbao ya chini kabisa utailaza juu ya nini?" Akikujibu kwamba ataipigilia moja kwa moja juu ya sakafu, mshukuru na utafute wa tatu.

Nakuambia hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa na miaka minne tu kwenye kazi hii nilipomjengea mama mmoja jiko la mbao huko Kilolo. Nililaza mbao ya chini juu ya zege tupu, nikapaka rangi nzuri ya kijivu, nikalipwa, nikaondoka. Msimu wa tatu wa mvua akaniita. Nikabonyeza ile mbao kwa kidole gumba, kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wameacha ganda la nje jembamba kama karatasi, na rangi yangu bado inang'aa juu yake. Nilibomoa nikajenga upya kwa fedha zangu. Yule mama hakunigombeza hata kidogo, na upole wake ndio ulioniuma zaidi.

Zege hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Mbao iliyokaa juu yake inalowa kutokea chini hata kama haijaguswa na tone la mvua. Na nguzo iliyosimikwa ardhini, kama anavyotaka fundi wako wa kwanza, huoza pale pale penye usawa wa udongo, kiasi cha kiganja juu na kiganja chini, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana. Huko juu itakuwa bado nzima kabisa, lakini haina mguu. Mabanzi nayo huja na gome lake, na gome ni nyumba ya wadudu. Kwa banda la mbuzi sina neno. Kwa chumba cha mabinti, hapana.

Sasa fanyeni hivi. Kwenye pande tatu mpya ajenge msingi wake wa kawaida, apandishe kozi moja ya tofali za saruji juu ya usawa wa udongo, kisha afunge mkanda wa zege wenye nondo, kimo cha inchi 8. Sehemu kavu kama Dodoma ningekubali chini ya hapo, lakini kwenu mvua ikigonga ardhi huruka na tope mpaka usawa wa goti. Zege la mkanda likiwa bichi, azamishe bolti za milimita 12 zenye mkia uliopinda, ziingie ndani sentimita 18, moja kila futi 4, na pasikose moja ndani ya futi 1 kutoka kila pembe. Hizo ndizo zitakazoukamata ukuta siku ya upepo. Apime vizuri ili zisije zikaangukia mahali nguzo itakaposimama.

Juu ya mkanda alaze ukanda wa nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Juu ya nailoni alaze bati bapa lililo pana kuliko mbao, ukingo wake wa nje utokeze inchi 2 na kukunjwa kuelekea chini. Bati hilo haliui mchwa wala haliwazuii moja kwa moja. Linawalazimisha wajenge njia yao ya udongo kwa nje, peupe, mahali utakapoiona. Kila Jumamosi mmoja wa mabinti azunguke nyumba na ufagio, aangalie, na akiikuta njia hiyo aibomoe na kukuambia.

Ndipo ilazwe mbao ya chini, na kuhusu mbao hiyo sina mjadala: iwe imeingizwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo, ile inayouzwa ikiwa na rangi ya kijani. Ikikatwa, kichwa kipya kipakwe dawa, maana dawa haifiki katikati ya mbao. Na nakuomba sana mama, vipande vya kijani vitakavyobaki visiingie jikoni. Dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu inayobaki kwenye moshi na kwenye majivu. Nimewaona watu wakichomea mahindi kwa vipande hivyo. Fundi akikuambia oili chafu inatosha badala ya dawa, mkatalie: haizami, itanuka chumbani wanakolala watoto, na rangi haitaishika.

Mbao zenyewe ziwe za msonobari. Hata zikitoka Sao Hill kule Mufindi nilikozaliwa, au shamba la miti la Kiwira hapo jirani yenu, zote ni nzuri zikikauka. Shida ni kwamba nyingi zinauzwa mbichi, zimepasuliwa juzi. Nenda na nyundo na msumari mmoja. Piga: maji yakichungulia pembeni ya msumari, mbao hiyo haijawa tayari. Ukilazimika kununua mbichi, zipange kivulini, vijiti kati ya tabaka na tabaka kila futi 2 ili hewa ipite, mabati juu, na uzisubiri miezi miwili ya kiangazi, kwa baridi yenu hata mitatu. Najua ni mirefu. Lakini mbao mbichi ikikaukia ukutani inajikunja na kuchomoa misumari, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Madoa ya kibuluu yasikutishe, hayo huharibu sura tu. Kisha chungulia kila mbao kwa jicho moja kutoka kichwani. Zilizonyooka sana ziwekwe kando kwa ajili ya pembe na mlango, zilizopinda zikatwe vipande vifupi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Mbao ya 2 kwa 4 inauzwa kwa urefu wa futi 12, yaani inchi 144. Nguzo zako zikatwe inchi 90. Inabaki 54. Hiyo 54 inatoa vipande viwili vya inchi 22 na kijipande cha inchi 10. Nguzo ukizipanga inchi 24 kutoka kati hadi kati, na kila moja ina unene wa inchi 2, nafasi iliyo baina yao ni inchi 22. Umeona? Kilichobaki kwenye nguzo ndicho kipande cha kati cha kuzishika nguzo zisijipinde, hakuna kinachotupwa. Nafasi ya kwanza na ya mwisho tu ndizo zinazopungua inchi 1. Na kimo: nguzo inchi 90, mbao ya chini inchi 2, mbao mbili za mwamba wa juu inchi 4. Jumla ni inchi 96, futi 8 kamili, sawa na urefu wa plaiwudi nzima ikisimamishwa. Lakini mbao za dingdong, yaani zilizopasuliwa kwa ile mashine ndogo ya kuhamishika, hazina unene mmoja, kwa hiyo kila kipande cha kati kipimwe kwenye nafasi yake kabla ya kukatwa.

Kwa ukuta wa futi 12 usio na mlango utahitaji nguzo 7 na ya nane ya kukaza pembe, mbao ya chini 1, za mwamba 2. Ni mbao 11 za 2 kwa 4, mojawapo ikiwa hiyo ya kijani. Fundi akikuandikia 20 kwa ukuta huo, akuonyeshe zinakwenda wapi.

Ukuta unaundwa ukiwa umelala juu ya jamvi. Misumari ya inchi 4, miwili kila kichwa cha nguzo, ikipita kwenye mbao ya chini na kwenye mwamba. Mbao ikipenda kupasuka, aigonge ncha ya msumari kwanza iwe butu, itaponda nyuzi badala ya kuzitenganisha. Fremu ikikamilika, apime kutoka pembe hadi pembe kimshazari, halafu pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili vilingane. Kwa ukuta wa futi 12 kwa 8, kila kimoja kiwe futi 14 na inchi 5. Kikizidi upande mmoja, fremu inasukumwa kwa nyundo kwenye pembe mpaka vilingane, na hapo ndipo mbao za mshazari zinapoingia.

Kuhusu mshazari naomba unisikilize sana. Fremu ya nguzo na mwamba bila mshazari ni kama kitanda cha kamba kilicholegea: ukiisukuma begani inalala. Misumari peke yake haizuii hilo. Chukua mbao mbili za 1 kwa 4. Moja ianzie pembe ya chini kushoto ipande kuelekea katikati, nyingine kulia vivyo hivyo, kwa mwinuko mkali kidogo zisije zikagongana. Zisipigiliwe juu juu. Kila nguzo zinapopita ichimbwe kwa msumeno na patasi kina cha inchi 1 ili mshazari uzame na uso wa ukuta ubaki bapa. Hii ni kazi ya nusu siku kwa kila ukuta, na ndiyo inayorukwa na mafundi wenye haraka, kwa kuwa ubao wa nje ukishafunika hakuna anayejua. Wewe ujue. Mwambie hutaki ubao wa nje uanze kupigwa kabla hujauona mshazari kwa macho yako.

Siku ya kunyanyua wawepo watu wanne. Fremu hiyo mbao zikiwa kavu ina kilo 100 hivi, zikiwa mbichi inaelekea kuwa mara mbili. Kwanza vipigiliwe vizuizi vya mbao ukingoni mwa mkanda ili mguu wa ukuta usiteleze ukadondoka nje. Mategemeo mawili ya muda yawe yameshapigiwa msumari mmoja mmoja kwenye nguzo za mwisho, tayari kushushwa. Wote wanyanyue kutoka mwamba, kwa hesabu ya mtu mmoja. Watoto wakae mbali kabisa, hasa upande wa nje. Na siku ya upepo msijaribu.

Ukuta ukishasimama, usiondoke. Chukua uzi na jiwe. Piga msumari juu ya nguzo, utokeze inchi 2, funga uzi, acha jiwe litulie karibu na sakafu. Pima kutoka uzi hadi nguzo kule chini. Ikisoma inchi 2, nguzo imesimama. Ikisoma 1 au 3, haijasimama, hata fundi akuambie nini. Timazi haina cheo. Inamjibu mama mwenye nyumba sawasawa na inavyomjibu fundi.

Mengine kwa haraka. Mlango uwe kwenye ukuta mmojawapo wa futi 10. Mbao ya chini iachwe ikipita mlangoni mpaka ukuta usimame, ndipo ikatwe, vinginevyo fremu itapinda wakati wa kunyanyua. Juu ya mlango ziwekwe mbao mbili za 2 kwa 6 zilizosimama kwa ubavu, kila upande ziegemee nguzo fupi ya ziada. Penye kukutana na nyumba ya zamani, nguzo ya kwanza ifungwe kwenye tofali kwa bolti, na nailoni ipite nyuma yake. Ubao wa nje wa 1 kwa 8 ulazwe kuanzia chini kwenda juu, kila mmoja ukimfunika mwenzake kwa inchi 1. Msumari usipite kwenye mbao mbili kwa pamoja, kila ubao upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa peke yake. Paa litokeze futi 2. Kwa mvua zenu usikubali chini ya hapo.

*Assalamu alaykum fundi. Mimi kijana wa Pangani. Nimeanza kujenga kwa fremu ya mbao, wazee wa mtaani wananiambia hiyo si nyumba, ni boksi la maembe. Nikasema nipige plasta ya saruji juu yake ifanane na nyumba za wenzangu. Inawezekana?*
Kijana wa Pangani

Wa alaykum salaam mwanangu. Waheshimu wazee wako, lakini waulize kwa adabu walizaliwa kwenye nyumba gani. Wengi wao walizaliwa ndani ya fremu ya miti: nguzo zimesimama, mwamba juu, fito zimefungwa kwa kamba za mnazi, udongo umekandikwa katikati, chokaa juu. Hiyo ndiyo unayoijenga wewe. Tofauti ni msumari mahali pa kamba na mbao iliyopasuliwa mahali pa boriti. Hata nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake ukafuata urefu wa boriti, kama mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Pwani yetu imekaa na fremu ya mti karne nyingi, tusiionee haya.

Plasta inawezekana, lakini si juu ya mbao moja kwa moja. Saruji haishiki mbao, na mbao inacheza kila msimu wakati saruji haichezi. Pigilia karatasi ya lami kwanza. Juu yake weka wavu wa kuku ulioinuliwa kidogo kwa misumari ili plasta iuzunguke kila upande. Kisha piga mikono miwili au mitatu myembamba, unene wa jumla inchi 1, na kila mkono ukauke polepole chini ya magunia mabichi. Plasta iishie juu ya lile bati la mchwa, isishuke mpaka ardhini. Ikigusa udongo utakuwa umewatengenezea mchwa ngazi iliyofichika, na bati lako halina maana tena.

Ukiniuliza ningefanya nini mimi, ningeacha plasta. Nje ningepiga ubao uliolaliana na rangi ya mafuta, ndani ningeacha nguzo wazi mwaka wa kwanza nione zinavyotulia. Misumari yote iwe iliyochovywa zinki, maana hewa ya chumvi hula chuma kitupu mapema sana. Na mikoko usiiguse. Imehifadhiwa kisheria, na ndiyo inayoshikilia ufuo wenu.

*Fundi, tetemeko la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba yetu ya tofali hapa Bukoba. Tumejenga tena, ila mama mkwe bado analala nje kila akisikia lori likipita. Chumba cha mbao kitamfaa?*
Msomaji, Bukoba

Poleni sana. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na kilichoua na kujeruhi ni uzito wa kuta zilizoanguka. Ukuta wa mbao ni mwepesi mara nyingi kuliko wa tofali, na viungo vyake vya misumari hukubali kucheza kidogo bila kuachia. Kitamfaa, kwa masharti mawili ambayo nimeshamweleza mama wa Tukuyu: bolti za kuufunga mguu kwenye msingi, na mshazari kila ukuta. Bila bolti nyumba inaweza kuruka msingi ikiwa nzima. Usimwekee juu kitu kizito, na pembetatu ya chini ya paa iwe ya mbao pia, isiwe ya tofali. Mwonyeshe mama mkwe zile bolti kabla hazijafunikwa, azishike kwa mkono wake. Nadhani atalala ndani.

*Jambo baba fundi. Mimi ni mtu wa Uvira, sasa niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ya kusimamisha nyumba za mbao, mwaka wa tatu. Huku nguzo tunapanga inchi 16, na zinakuja zimekatwa tayari inchi 92 na 5/8. Nataka kumjengea mama nyumba ndogo huko nyumbani kwa vipimo hivi hivi, nimtumie fundi karatasi. Itafaa? Na kwa nini mbao ya 2 kwa 4 ya huku si 2 kwa 4?*
Mtoto wa Uvira, Columbus

Jambo mwanangu, na hongera kwa kumkumbuka mama. Usitume hiyo karatasi kwanza.

Mbao ya Marekani inaitwa 2 kwa 4 kwa jina la siku ilipopasuliwa. Ikikaushwa na kupigwa randa pande zote inabaki inchi 1 na nusu kwa 3 na nusu, na ndicho kipimo chake halali. Sasa tazama hesabu yenu: 92 na 5/8, ongeza mbao tatu za inchi 1 na nusu, unapata 97 na 1/8. Inchi 96 ni za bodi ya jipsamu ya ukutani, nusu inchi ni ya bodi ya dari, na kilichobaki ni nafasi ya kuinua bodi isiguse sakafu. Ni hesabu nzuri sana. Lakini fundi wa nyumbani anatumia mbao iliyotoka kwenye msumeno bila randa, yenye inchi 2 au karibu na 2. Akifuata karatasi yako atapata ukuta wa inchi 98 na 5/8, na plaiwudi ya inchi 96 itabaki pungufu kwa zaidi ya vidole viwili. Mwandikie kimo cha mwisho unachotaka, inchi 96, na umwambie akate nguzo baada ya kupima unene wa mbao aliyonayo mkononi.

Kuhusu inchi 16: plaiwudi ina upana wa inchi 48, na 48 inagawanyika kwa 16 mara tatu, kwa 24 mara mbili. Yoyote kati ya hizo mbili itaupata ukingo wa plaiwudi katikati ya nguzo. Huko nguzo zenu ni nyembamba, na mara nyingi zinabeba ghorofa na uzito wa theluji. Nyumba ya mama ni ya chini, paa la bati, mbao nene. Inchi 24 zinatosha kwa ubao wa nje wa inchi 1. Ukitaka plaiwudi nyembamba ukutani, rudi kwenye 16, isije ikabonyea katikati.

Kuna jambo moja la huko ambalo natamani ulipeleke nyumbani jinsi lilivyo. Ninyi mnapigilia mbao za ubapa, yaani plaiwudi na jamii yake, nje ya fremu nzima, na hizo ndizo mshazari wenu. Ndiyo maana huoni mtu akichimba nguzo kwa patasi. Nyumbani fundi akiona picha zako atasema "hata Marekani hawaweki mshazari," ataacha, na badala ya plaiwudi atapiga mbao za kulala. Mbao za kulala hazizuii ukuta kuinama. Kwa hiyo mwandikie wazi, kwa herufi kubwa: ama plaiwudi nje kila ukuta, misumari kila inchi 6 ukingoni na kila inchi 12 katikati, ama mshazari uliozamishwa.

Na hao mchwa wa Uvira hawafanani na baridi ya Ohio. Yale niliyomwandikia mama wa Tukuyu kuhusu nailoni, bati lililokunjwa na mbao ya kijani, yanakili yote umtumie fundi wako. Umwombe akupigie picha ya mguu wa ukuta kabla ya kufunika, na tepu ikiwa imesimamishwa kando yake ili uone kimo kutoka kwenye udongo. Fedha ya sehemu ya pili itume baada ya kuiona hiyo picha.